Zimwi Lililopewa Ukanali

Kila azoeaye kusoma habari za gofu magazetini hujua kuwa mchezaji akilimaliza shimo kwa pigo moja zaidi ya kipimo kilichowekwa husemwa kuwa amepata bogi, na neno lenyewe hutamkwa kwa simanzi kidogo, kama atajaye deni la dukani. Lakini ni wachache wajuao kwamba hapo asili bogi hakuwa kosa, bali alikuwa mchezaji, tena hodari asiyepata kukosea hata siku moja.

Mwaka 1890, mjini Coventry, Uingereza, bwana mmoja aitwaye Hugh Rotherham alitoa shauri kwamba kila shimo liandikiwe idadi ya mapigo ambayo mchezaji mzuri, asipoteleza, yampasa kulimaliza, kisha watu washindane na hesabu hiyo. Shauri hilo likampendeza Daktari Thomas Browne, katibu wa chama cha gofu cha Great Yarmouth, naye akalitia katika mashindano ya kwao. Ebu tafakari hali ya mtu aliyezoea kumwona hasimu wake akitokwa jasho, akizama mchangani, akighadhibika na fimbo yake, ambaye sasa hasimu wake ni tarakimu tu katika kipande cha karatasi: hachoki, haogopi upepo, mpira wake hauangukii kichakani, na shimo la mapigo matano hulimaliza kwa matano, si sita, wala (tumpe haki yake) si manne. Siku hizo katika majumba ya starehe ya Waingereza ulikuwa ukivuma wimbo wa kutisha watoto kwa Bogey, ambaye sisi tungemwita zimwi. Ndipo Meja Charles Wellman, aliyekwisha kuchoshwa na kushindwa, alipomwambia Daktari Browne kuwa huyo mchezaji wake ni zimwi hasa. Jina likashika.

Mwaka 1892 zimwi likafika Gosport, kwenye chama cha maafisa wa jeshi, ambako kila mwanachama alikuwa na cheo, wala haikuelekea mgeni kuingia pasina daraja. Kapteni Seely Vidal na wenziwe wakaona kuwa asiyekosea kamwe hawezi kuwa chini ya kanali. Na tangu hapo akawa Kanali Bogey, akitajwa kwa taadhima kana kwamba aliketi nao mezani.

Aliyemvua cheo ni hasimu wa pili, aitwaye paa, neno lisilohusiana na mnyama wala na nyumba, kwa kuwa lilitoka katika soko la hisa, ambako maana yake ni thamani iliyo sawa ya hati. Mwandishi wa gofu A. H. Doleman alilichukua huko mwaka 1870, alipouliza mchezo usio na dosari ungehitaji mapigo mangapi kule Prestwick, akajibiwa kuwa ni 49 kwa mashimo 12. Mwaka 1911 chama cha gofu cha Marekani kikaliwekea yadi: hadi 225, mapigo matatu, hadi 425, manne, hadi 600, matano. Ilhali kwa wakati huo mpira mpya wenye kiini cha raba ulikuwa umekwisha kuusahaulisha ule wa utomvu mgumu, nao uliruka mbali zaidi, vyama vingi vya Uingereza viliona uvivu kumhesabia Kanali upya. Akabaki na matano yake kwenye shimo la yadi 400, na mabingwa wakilimaliza kwa manne. Wamarekani, wasio na haya mbele ya vyeo vya watu, wakasema kuwa apataye matano pale amepata bogi tu. Waingereza walinung'unika kwa miaka, kisha wakaridhia.

Kwenye kiwanja cha mapigo 72, apataye bogi katika mashimo yote 18 humaliza kwa 90, na wengi wetu tuchezao Jumapili tu, tukiipata hiyo 90, huwaonyesha marafiki karatasi kabla hatujavua viatu.