Nyuki Wanaotafuta Mabomu

Nyumba nyingi za wasomaji wetu zaijua asali, lakini ni wachache waliomtazama nyuki jinsi anavyonusa. Yeye hana pua kama sisi. Hunusa kwa vipapasio viwili vilivyo kichwani pake, na harufu iliyo hafifu mno kwetu, kwake ni dhahiri. Tena hujifunza upesi. Mwalimu aweza kulijaribu jambo hili mwenyewe: na atie maji ya sukari katika kisahani, na kando yake aweke karafuu zilizopondwa. Nyuki wakiisha kuzoea kuja, aweke visahani vitatu vitupu, kimoja tu kikiwa na karafuu, kisha aangalie wanakwenda wapi.

Basi, ikiwa nyuki aweza kufundishwa harufu ya karafuu, aweza pia kufundishwa harufu ya baruti. Jambo hili lilishughulikiwa sana huko Kroatia, nchi ya Ulaya iliyokuwa na vita tangu mwaka 1991 hata 1995. Vita vilikwisha, bali mabomu yaliyofukiwa ardhini yalibaki. Mkulima aliyerudi katika shamba la babaye aliweza kupoteza mguu, au maisha, miaka mingi baada ya bunduki kunyamaza.

Mwaka 2013 zilienea habari za Profesa Nikola Kezić wa Chuo Kikuu cha Zagreb, bingwa wa mambo ya nyuki. Yeye na wenzake waliwaweka nyuki ndani ya hema la wavu, wakawawekea maji ya sukari pamoja na harufu ya TNT, ndiyo baruti iliyomo katika mabomu mengi. Nyuki wakashika kwamba penye harufu ile pana chakula. Nao ni wepesi hata hawawezi kulipua bomu wakitua juu yake.

Lakini shida ipo. Wale panya wa Morogoro, wanaofundishwa na shirika la APOPO kazi iyo hiyo, hufungwa kamba, na mtu huona panya anapokwaruza. Nyuki, ni nani atakayemfunga kamba? Mwaka 2003 wataalamu wa Montana, Marekani, walijaribu kuwatafuta nyuki shambani kwa mwali wa leza. Majani marefu huwasumbua, kwa kuwa nayo huurudisha mwali. Baadaye wataalamu wa Kroatia na Bosnia wakajaribu kuwapiga picha kwa droni. Wengine, wa Los Alamos, Marekani, waliona heri kumfunga kabisa: mwaka 2006 walitangaza kwamba nyuki aliyebanwa katika kijineli hutoa ulimi anusapo baruti, kana kwamba ameletewa sukari.

Tena nyuki haendi kazini usiku, wala katika mvua, wala penye baridi kali. Na akifika mara nyingi penye harufu asipate sukari, husahau somo lake. Kwa hiyo Profesa Kezić hakuwakusudia watangulie mbele ya wasafishaji. Aliwataka wapite nyuma yao, katika shamba lililokwisha kusafishwa, ili lionekane bomu lililosahauliwa, kabla mwenye shamba hajaambiwa aingie na jembe lake.