NANI ANALIA, NA NANI ANAMLIZA?



Mwezi uliopita tulikuta mashairi yameandikwa kwa makaa kwenye ukuta, nyuma ya darasa. Yalisema kwamba kapita akisha kushika karatasi ya majina, anasahau kwamba sombe yake inatoka katika chungu kimoja na sombe ya wengine. Wamoja kati yetu makapita walikasirika: tumtafute aliyeandika, alime uwanja siku tatu! Lakini juma lile lile sisi wa darasa la sita tulikuwa na kazi ya kulinganisha mashairi juu ya nguvu, uonevu na utu wa mtu. Kazi ile ilitushika mkono. Tunataka kuwaelezea tuliyoyaona.

Kulinganisha mashairi si kusema hili ni zuri na lile ni baya. Ni kuyauliza yote maulizo yale yale. Sisi tuliuliza matatu: Nani ana nguvu? Nani anaumia? Na yule anayesema, anajiita nani?

La kwanza ni utenzi wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy, juu ya vita vya Wadachi kule pwani ya Tanzania. Vita vile vilianza Pangani mwaka wa 1888, na Abushiri, mkubwa wa wapiganaji, alinyongwa mwezi wa Desemba 1889. Hapa mwenye nguvu ni mgeni aliyekuja kwa merikebu na mizinga. Anayeumia ni mwenye mji. Na anayesema anajiita mtu wa pwani, mwenye dini yake na heshima yake.

La pili tunalijua kwa Kifaransa. Ni shairi la kumlilia ndugu mweusi, lililotoka mwaka wa 1959 katika gazeti la chama cha Patrice Lumumba, na jina lake liko chini yake. Lumumba si mgeni kwetu: alipokuwa kijana alifanya kazi ya kampuni ya madini huku Maniema. Katika shairi hili mwenye nguvu ni mkoloni, na kabla yake mnunuzi wa watumwa. Anayeumia haitwi kwa jina la mji wala la kabila. Anaitwa ndugu. Weusi wote, hata waliopelekwa ng'ambo ya bahari, wanakuwa jamaa moja.

La tatu ni la Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka wa 1968 aliandika karatasi ya kuuliza Kenya inakwenda wapi, na kwa sababu hiyo alifungwa miaka mitatu. Gerezani aliandika mashairi kwa siri juu ya karatasi ya chooni. Yalitoka kitabuni mwaka wa 1973, kwa jina la Sauti ya Dhiki. Hapa mambo yamegeuka. Mwenye nguvu si mgeni tena, ni ndugu wa nyumbani, katika nchi yenye uhuru wake. Hata hivyo mfungwa hakubadili usemi wake. Aliandika kwa Kiswahili cha kwao Mombasa. Ni kama kusema: mmefunga mwili, lakini mimi ningali ni mimi.

Basi tukadhani kazi imekwisha. Lakini mmoja wetu, mzaliwa wa Kabambare, aliuliza neno lililotunyamazisha: «Na huku kwetu je, wakati ule wa Wadachi, nani alikuwa na nguvu?»

Jibu tunalijua wote. Kasongo ilikuwa makao makubwa ya Tippu Tip, na Kabambare ilikuwa kituo katika njia ya kwenda ziwa Tanganyika. Abushiri aliponyongwa Pangani, misafara ya watu wa pwani ilikuwa ikipita hapa ikichukua pembe na watu. Hata Abushiri mwenyewe alikuwa na shamba la miwa lililolimwa na watumwa. Utawala wao huku ulivunjwa tu mwaka wa 1893, vita vilipofika Kasongo. Na walioshinda walikuja kuleta mzigo wao mwingine. Kwa hiyo watu wale wanaolia katika utenzi, na kulia kwa haki, jamaa zao huku ndio waliowaliza wazee wetu. Utenzi unasimulia vita vya pwani. Kilio cha vijiji vyetu si habari yake.

Je, tuutupe? Hapana. Uchungu wake ni wa kweli. Lakini tusiposikia ila anayelia, bila kuuliza nani amenyamaza nyuma yake, tumesoma nusu tu. Tena wengi wetu tuko wajukuu wa pande zote mbili, wa aliyefunga kamba na wa aliyefungwa. Hata Kiswahili chetu kilipita njia ile ya misafara. Leo tunacheka nacho na kulia nacho, ni chetu.

Sasa turudi kwenye ukuta. Neno hili «kapita», wakati wa mkoloni, lilikuwa jina la msimamizi wa kazi: mtu mweusi aliyesimama juu ya weusi wenzake. Naye alikuwa na karatasi ya majina. Tulipoyauliza mashairi ya makaa maulizo yetu matatu, tuliona aibu. Mwenye nguvu, mara hii, alikuwa ni sisi.

Hatukumtafuta tena aliyeandika. Tangu juma lile makapita tunapanga mstari wa chakula nyuma ya wengine. Ni jambo dogo, lakini tumeanza.

Nawe ndugu wa makaa, andika tena. Ila ukuta wa shule uuache. Tuletee kwenye karatasi, nasi tutayachapa hapa, hata yakituuma.

Kapita wa wanafunzi,
darasa la sita