Kuweka Vyombo vya Kutengeneza Programu za Simu: Jueni Kompyuta Yenu Kwanza



Siku hizi katika mikutano yetu kumeanza kusikika ombi jipya. Kijana aliyemaliza shule anasimama na kusema, "Kikundi kikinunua kompyuta, nitatutengenezea programu ya simu ya kuweka hesabu za michango na mikopo." Wanachama wanatazamana. Wengine wanaona hayo ndiyo maendeleo, wengine wanaona pesa za kikundi zinaenda kupotea. Pande zote mbili zinaweza kuwa na haki. Itategemea kama kikundi kimeuliza maswali yanayofaa kabla mweka hazina hajatoa hata shilingi.

CHOMBO CHENYEWE NI CHA BURE

Seremala huhitaji randa na msumeno. Mtengenezaji wa programu za simu, zile vijana huita apu, naye ana vyombo vyake, lakini hivi hukaa ndani ya kompyuta. Kwa simu za Android, ambazo ndizo nyingi huku kwetu, chombo kikuu ni Android Studio. Kampuni ya Google ilikitangaza mwaka 2013, na toleo la kwanza kamili likatoka Desemba 2014. Ndani yake mna mahali pa kuandika maagizo, mtambo wa kuyageuza maagizo hayo yawe apu, na pia simu ya kuigiza inayoonekana kwenye kioo cha kompyuta ili fundi ajaribu kazi yake.

Chombo hiki hakiuzwi. Kinapatikana bure katika tovuti ya developer.android.com. Kwa hivyo mtu akija na flashi akisema ati anauza Android Studio, mkataeni. Mbali na kupoteza pesa, programu iliyopitia mikono msiyoijua inaweza kubeba virusi.

Sasa mtauliza, kama ni bure, gharama iko wapi? Iko mahali pawili: nguvu ya kompyuta na bando ya intaneti.

NGUVU YA KOMPYUTA

Kabla ya kununua kompyuta, hasa iliyotumika, angalieni kwanza ile kumbukumbu ya kazi ambayo mafundi huiita RAM. Android Studio inataka GB 8 au zaidi. Mkitaka kutumia pia ile simu ya kuigiza, inatakiwa GB 16. Kisha angalieni nafasi iliyo wazi kwenye diski: isipungue GB 8, na pamoja na simu ya kuigiza GB 16. Diski ya aina ya SSD huharakisha kazi sana.

Kompyuta ya RAM ya GB 4 huuzwa kwa bei ya kuvutia. Inafaa kuandika barua na kuweka hesabu za kawaida, lakini kwa kazi hii itakwama kila mara. Rahisi ni ghali.

Muuzaji akisema kompyuta ina GB 8, msikubali kwa mdomo tu. Mwambieni aiwashe. Kwenye Windows fungueni "Settings", halafu "System", halafu "About". Kwenye Mac bonyezeni alama ya tofaa pembeni juu, halafu "About This Mac". Kwenye Ubuntu ingieni "Settings" mtafute "About". Nguvu yote imeandikwa hapo.

KUWEKA KWENYE WINDOWS

1. Fungua tovuti tuliyotaja, kubali masharti, na upakue faili la Windows linaloishia na .exe. Ni kubwa, linapita GB 1.
2. Libofye mara mbili, kisha ufuate maswali kwa kubofya "Next" mpaka mwisho.
3. Chombo kikifunguka mara ya kwanza kitaomba kupakua vipande vingine viitwavyo SDK. Usikizime katikati. Hapa ndipo bando nyingi huliwa, na hata ukianza kazi ya kwanza kitapakua tena vitu vingine. Pangeni bando ya kutosha kwa siku hiyo.
4. Simu nyingine hazitambuliwi na Windows mpaka uweke draiva ya kampuni iliyotengeneza simu hiyo.

KUWEKA KWENYE MAC

Kompyuta za Mac ziko za aina mbili: zile za zamani zenye chipu ya Intel, na zile zenye chipu ya Apple yenyewe, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2020. Kila aina ina faili lake, kwa hivyo angalia chipu kabla ya kupakua, usije ukamaliza bando kwa faili lisilofaa. Ukishapakua, fungua faili linaloishia na .dmg na ukokote picha ya Android Studio mpaka kwenye folda ya "Applications". Ukikifungua kitaomba SDK kama kwenye Windows. Draiva ya simu haihitajiki.

Anayetaka kutengeneza apu za simu za iPhone anahitaji chombo kingine kiitwacho Xcode. Nacho ni cha bure, lakini kinafanya kazi kwenye Mac peke yake. Kikundi kisinunue Mac kwa sababu hiyo kama wanachama wenyewe hawana iPhone.

KUWEKA KWENYE LINUX

Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta usiolipiwa, na Ubuntu ni mojawapo ya aina zake zinazojulikana sana. Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Ubuntu inaweza kuzipa maisha mapya, mradi RAM inatosha.

1. Pakua faili la Linux, linaloishia na .tar.gz, na ulifungue. Utapata folda iitwayo android-studio.
2. Iweke folda hiyo mahali itakapokaa, kwa mfano ndani ya folda yako mwenyewe.
3. Fungua dirisha la kuandikia amri, ingia android-studio/bin, uandike ./studio.sh halafu ubonyeze Enter.
4. Ili simu itambuliwe kwenye Ubuntu, andika amri hizi mbili, moja baada ya nyingine:
sudo usermod -aG plugdev $LOGNAME
sudo apt-get install android-sdk-platform-tools-common
Kisha toka kwenye akaunti yako na uingie tena.

KUJARIBU KWA SIMU YENU WENYEWE

Kama RAM ni GB 8 tu, acheni simu ya kuigiza. Tumieni simu halisi ya Android na waya wa USB. Kwenye simu nenda "Settings", halafu "About phone", uguse "Build number" mara 7. Menyu mpya ya watengenezaji itatokea, nawe uwashe "USB debugging". Ukiunganisha waya, simu itauliza kama unaiamini kompyuta hiyo, nawe ukubali. Majina haya hutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Kazi ikiisha, zima "USB debugging" tena, maana ni mlango, na mlango hauachwi wazi usiku.

KAMA KOMPYUTA NI DHAIFU

Msikate tamaa. Kuna chombo kiitwacho MIT App Inventor, kilichoanzia Google mwaka 2010 na sasa kinatunzwa na chuo cha MIT cha Marekani. Hiki hakiwekwi kwenye kompyuta. Kinafunguliwa ndani ya intaneti kama tovuti nyingine, kwa hivyo ni kimoja kwa Windows, Mac na Linux. Badala ya kuandika maagizo, unaunganisha vipande vya rangi kama watoto wanavyopanga matofali. Kwenye simu unaweka apu ya MIT AI2 Companion ili uone kazi yako inavyoendelea. Kompyuta ya saiba yaweza kutosha, na hakuna malipo isipokuwa ya intaneti. Kwa kijana anayeanza, hapa ndipo pa kumpima. Akiweza kutengeneza kitu kidogo cha kufaa hapo, ndipo kikundi kizungumzie kununua kompyuta.

MAMBO YA MWISHO KUKUMBUKA

Apu yenu ikikamilika, mnaweza kuiweka kwenye simu za wanachama bila kuipeleka sokoni. Mkitaka ionekane kwenye Play Store, Google hutoza dola 25 za Marekani mara moja tu. Apple nao hutoza dola 99 kila mwaka. Pia, kwa akaunti za mtu binafsi zilizofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023, Google inataka apu ijaribiwe na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Hapo kikundi kina nguvu kuliko fundi wa peke yake, kwa sababu watu wa kujaribu mnao tayari.

Lakini msiwasahau wenye mulika mwizi. Simu hizo haziwezi kupokea apu ya Android. Kwa hivyo daftari la mweka hazina lisitupwe. Hesabu ya simu na ya daftari zilinganishwe kila mkutano, na kila mwanachama awe na haki ya kuona yote mawili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni wanachama wangapi wana simu za Android, na wangapi wana mulika mwizi?
2. Kompyuta tunayotaka kununua ina RAM ya GB ngapi? Nani ameiona ikiwashwa?
3. Bando ya kupakua vyombo italipwa na nani, na tutafanyia wapi kazi hiyo?
4. Kijana wetu ameshajaribu App Inventor? Ametuonyesha nini?
5. Kijana huyo akipata kazi mjini, nani mwingine atakuwa amejifunza?

Swali la 5 lijibiwe kabla ya yote. Wachagueni wawili wajifunze pamoja, mmoja awe msichana, ili ujuzi ubaki kwenu.