Malori ya Malaba na Tauni ya Mwaka 1347

Watoto wangu, ninyi mliokuwa wadogo mwaka 2020 huenda hamuikumbuki vizuri foleni ile. Sisi wa Malaba, hapa mpakani na Uganda, malori tumeyazoea tangu kuzaliwa, lakini mwaka ule yalipanga mstari wa makumi ya kilomita kuelekea Bungoma. Uganda ilikuwa ikimpima kila dereva korona kabla hajavuka, na majibu yalichukua siku. Dereva aliyetoka Mombasa, zaidi ya kilomita 900, alijikuta akilala chini ya trela na kusonga ugali kando ya gurudumu. Maji ya kuoga? Aombe. Na alipoomba, milango ilifungwa. Mama wa chai alimwekea kikombe juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua kadhaa, ndipo dereva akakichukua. Mwezi mmoja kabla ya hapo mama huyohuyo alikuwa akimwita "shemeji" ili anunue na mandazi.

Sasa twende mbali kidogo. Oktoba 1347, merikebu za wafanyabiashara zilitia nanga Messina, kisiwani Sicily, zikiwa na mabaharia wagonjwa na maiti. Ilikuwa tauni. Mtu alivimba kwapani au kinenani, homa ikampanda, na wengi walikufa kabla ya wiki kwisha. Leo tunajua ni bakteria wanaobebwa na viroboto wa panya, na dawa zipo. Wao hawakujua. Kufikia 1351, pengine theluthi moja ya watu wa Ulaya, au hata nusu, walikuwa wamekufa.

Asiyejua kinachomuua hutafuta wa kumlaumu, na mara nyingi humpata mgeni, au jirani asiyesali kama yeye. Wayahudi walisingiziwa kutia sumu visimani. Papa Clement VI aliukemea uongo huo, akasema Wayahudi nao wanakufa kwa tauni ileile. Nani alimsikiliza? Tarehe 14 Februari 1349, mjini Strasbourg, mamia yao walichomwa moto, na tauni yenyewe ilikuwa bado haijafika mjini humo! Msidhani haya ni ya Ulaya peke yake. Tauni ilipoingia Nairobi mwaka 1902, wakubwa wa kikoloni waliuchoma mtaa wa soko la Wahindi. Wahindi wenyewe walitolewa kwanza, lakini maduka na makazi yao yaliteketea.

Kuna waliotumia akili zaidi. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, uliamuru wanaotoka penye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia. Bandari haikufungwa, maana mji ule uliishi kwa biashara, nao ulilijua hilo.

Hapa ndipo hadithi inaponoga. Huko Uingereza, vibarua wa mashambani waliobaki hai waligundua jambo: mavuno yanangoja, na mikono ni michache. Wakadai ujira zaidi. Mabwana wakakasirika, na mwaka 1351 Bunge likapitisha sheria ya kuurudisha ujira uwe kama ulivyokuwa kabla ya tauni. Sheria ile haikufua dafu. Kibarua alihamia kwa bwana mwingine aliyelipa vizuri, na bwana huyo hakuuliza maswali. Mwaka 1381, wakiwa wamechoshwa na kodi na sheria za namna hiyo, watu wa vijijini waliandamana hadi London kwenyewe. Uasi wao ulizimwa kwa damu, lakini ujira haukurudi chini kama mabwana walivyotaka.

Nikisoma habari hizo huwa nawakumbuka wale mashemeji wetu wa trela. Januari 2022 Uganda iliwataka tena wapimwe mpakani, safari hii kwa ada ya dola 30. Wakakataa. Wakazima injini, wakakaa. Foleni ikarudi, ila sasa haikuwa ya kuwaadhibu wao. Ndani ya malori hayo mlikuwa na mafuta ya Uganda, na haikuchukua muda lita moja ya petroli ikauzwa shilingi 10,000 za huko katika baadhi ya maeneo, zaidi ya mara mbili ya bei ya kawaida. Waliofukuzwa milangoni mwaka 2020 sasa walikuwa wakibembelezwa. Baada ya siku chache Uganda ililegeza masharti, na malori yakavuka.