Gari la turbo: weka mafuta sahihi, hifadhi ujumbe

Ukitoka Nakuru kupanda Mau Summit, malori yakikubana pale Salgaa, ndipo turbo huonyesha kazi yake. Kumbuka tu: kifaa hicho kidogo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinategemea oili kukilainisha na kukipoza.

Petroli. Soma kitabu cha gari au kibandiko kwenye kifuniko cha tangi. Gari nyingi za turbo kutoka Japani, kama Subaru Forester, hutaka petroli ya okteni ya juu. Ukiweka ya chini, injini inaweza kugonga mlimani. Na ile ya bei poa ya jerikeni? Achana nayo. Uchanganyaji wa mafuta taa ndio uliofanya serikali iyatoze ushuru maalum mwaka 2018.

Oili. Fuata namba iliyo kitabuni, mfano 5W-30, na ununue chupa ambayo lakiri yake haijaguswa. Ukimaliza mlima, usizime injini papo hapo; ipe kama dakika moja ipoe.

Malipo. Muuzaji akikwambia, "Nitumie kwa namba yangu," kataa. Lipa kwa till ya duka, na uhakikishe jina kabla ya kuweka PIN. Usifute ujumbe: una tarehe, kiasi na jina la aliyepokea. Andika kando kilomita za gari siku hiyo. Oili ikigeuka kuwa feki, utarudi dukani na ushahidi mkononi, si maneno matupu.