KWA NINI DISKI YA 250 INAHESABIWA 127?

Mwaka 2011 tuliitwa katika kijiji kimoja cha wakulima wa pamba. Kulikuwa na ugomvi. Chama cha ushirika kilikuwa na kompyuta ya zamani ya msaada. Ndani yake mlikuwa na majina ya wanachama, hisa zao, na kilo za pamba alizopima kila mmoja. Sasa diski ngumu ya kompyuta hiyo ilikuwa imejaa. Diski ngumu ni kile kisanduku cha chuma kilichomo ndani ya kompyuta. Humo ndimo maandishi yanamokaa hata umeme ukizimwa. Mafundi wengi huiita hadi diski.

Basi kamati ikamtuma kijana mmoja mjini akanunue diski nyingine kubwa. Kijana akarudi na diski iliyoandikwa gigabaiti 250. Ikafungwa pembeni ya ile ya zamani. Kompyuta ikawashwa. Ikasema 127.

Mkutano ulichafuka. Mzee mmoja alisimama akasema, "Pesa ya 250, mali ya 127! Hiyo nusu nyingine mwanangu umeipeleka wapi?" Kijana alikuwa na risiti mkononi lakini hakuwa na la kujibu. Wengine walitaka arudishe fedha siku ile ile.

Sisi si mafundi. Kazi yetu ni elimu. Lakini namba ile 127 tulikuwa tumekwisha kuiona mahali pengine. Ndiyo iliyomwokoa kijana. Hebu tueleze.

Fikirini ghala la ushirika. Kila gunia lina mahali pake, na kila mahali pana namba. Karani ana daftari ambalo lina visanduku vitatu tu vya kuandikia namba. Ataanza 000, 001, 002, mpaka 999. Hapo amefika mahali 1,000. Je, gunia linalofuata ataliandikaje? Hawezi. Ghala linaweza kuwa na nafasi ya magunia 5,000, lakini kwa karani huyo ghala limekwisha. Ghala si dogo. Daftari ndilo lenye visanduku vichache.

Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Diski imegawanywa vyumba vidogo sana, na kila chumba hubeba baiti 512. Baiti moja ni nafasi ya herufi moja, kama A au B. Kila chumba kina namba yake. Ila kompyuta haijui tarakimu kumi kama sisi. Inajua mbili tu, 0 na 1. Kwa hiyo kisanduku kimoja kinatoa namba 2, viwili vinatoa 4, vitatu vinatoa 8. Kompyuta za zamani zilipewa visanduku 28. Chukua daftari lako, zidisha 2 kwa 2 mpaka zitimie 2 ishirini na nane. Utapata 268,435,456. Hivyo ndivyo vyumba ambavyo kompyuta ya zamani inaweza kuvitaja. Zidisha kwa 512, utapata baiti 137,438,953,472.

Msomaji makini atauliza, mbona hiyo ni 137 na siyo 127? Ameuliza vizuri. Hapa kuna vipimo viwili. Mtengenezaji wa diski anaposema gigabaiti moja ana maana ya baiti 1,000,000,000. Lakini Windows, ile programu kuu iliyokuwa katika kompyuta ya kijiji, hupima kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, yaani baiti 1,073,741,824. Mahindi ni yale yale. Mmoja kapima kwa kopo dogo, mwingine kwa kopo kubwa. Gawanya ile namba ndefu kwa kopo kubwa utapata 128 kamili. Toa kidogo kinachotumika kwa utunzaji, kompyuta inaonyesha 127. Kwa hiyo ukiona 127 au 128 kwenye diski kubwa, usimshuku mtu kwanza. Shuku visanduku 28.

Watengenezaji waliuona ukuta huo. Karibu na mwaka 2002 walikubali utaratibu mpya wa visanduku 48, ambavyo hata leo diski za kawaida haziwezi kuvimaliza. Lakini kompyuta iliyotengenezwa kabla ya hapo haikupata habari.

Tena ndani ya kompyuta mna makarani wawili, siyo mmoja. Wa kwanza ni biosi, programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya kitu kingine chochote. Wa pili ni mfumo endeshi, kama vile Windows. Lazima tujue ni yupi asiyeweza kuhesabu. Tulizima kompyuta tukaiwasha tena, tukatazama maandishi ya mwanzo kabisa. Biosi iliandika 250. Kumbe biosi haikuwa na kosa! Mwenye upungufu alikuwa Windows XP, tena ile ya kwanza kabisa ya mwaka 2001. Kijana hakuiba.

Hapo fundi mmoja wa jirani akatoa shauri. Eti tuipeleke diski kwenye kompyuta mpya mjini, igawanywe yote nzima, halafu irudishwe. Shauri hilo linapendeza, lakini ni la hatari mno. Rudini kwa karani wetu. Mpe kwa nguvu gunia la 1,000. Visanduku ni vitatu, ataandika 000, ile moja ya mbele itaanguka nje. Kisha atakwenda mahali 000, atoe gunia lililokuwapo na kuweka hili jipya. Kompyuta isiyo na visanduku vya kutosha hufanya vivyo hivyo. Ikifika mwisho wa hesabu yake, inaandika mwanzo wa diski, juu ya vitu vilivyopo. Haipigi kelele. Utagundua siku unapotafuta hisa za wanachama na kukuta takataka.

Tulichofanya ni hiki. Kwanza tulinakili orodha yote ya wanachama kwenye flashi mbili, moja akakaa nayo katibu, nyingine mweka hazina. Bila hilo hatugusi kitu. Pili, tuliipa Windows XP kifurushi chake cha marekebisho. Kile cha kwanza kilitoka mwaka 2002, cha pili mwaka 2004, na ndivyo vilivyoleta hesabu ya visanduku 48. Tukaiwasha upya. Sehemu ile ya 127 ilibaki ilivyo, na pembeni yake ikaonekana nafasi tupu isiyogawiwa. Tukaifanya sehemu ya pili. Jumla ya sehemu mbili ikawa kama 232.

Yule mzee akauliza, "Na 18 zilizobaki?" Tukamkabidhi chaki. Alifanya mwenyewe hesabu ya kopo dogo na kopo kubwa ubaoni, akaipata.

Kama karani mwenye upungufu angekuwa biosi, kazi ingekuwa nzito zaidi. Biosi mpya hutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta, na lazima iwe ya aina ile ile hasa. Umeme ukikatika katikati ya kuiweka, kompyuta inaweza isiwake tena. Kwa vijiji vyetu sisi hatuipendi njia hiyo. Afadhali kununua kadi ya kuongezea yenye biosi yake, au kuitia diski katika kasha la nje la kuchomeka kwa waya wa USB. Mfumo endeshi wa Linux nao, ukishawaka, hujihesabia diski wenyewe bila kumtegemea biosi. Tazameni pia nyuma ya diski. Baadhi zina kibanio kidogo cha plastiki ambacho kikiwekwa mahali fulani huishusha diski mpaka gigabaiti 32. Mchoro wake uko kwenye karatasi iliyobandikwa juu.

Na msinunue diski ya terabaiti 3 kwa kompyuta ya namna hii. Kuna ukuta mwingine mbele. Jedwali la zamani la kugawia diski lina visanduku 32, na hayo ni terabaiti 2.2 tu. Jedwali jipya linaitwa GPT, lakini Windows XP ya kawaida haiwezi kulisoma. Halafu kubadili jedwali mara nyingi hufuta vyote vilivyomo.

Jambo jingine, Windows XP iliacha kupewa marekebisho ya usalama Aprili 2014. Kompyuta yenye programu hiyo na orodha ya hisa isiunganishwe na intaneti.