Mshahara wa Kikosi, Mpira wa Mtaa

Mgeni anayetaka kuielewa Ligi Kuu ya Zanzibar aanze na kuuliza wachezaji wanakula wapi. KMKM ni Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo, wale askari wa baharini wanaozilinda pwani zetu. JKU ni Jeshi la Kujenga Uchumi. KVZ ni Kikosi cha Valantia. Mafunzo ni timu ya watu wa magereza, na Zimamoto ni haohao wanaokimbilia nyumba inapoungua. Polisi na Uhamiaji nao wana timu zao. Upande wa pili zipo klabu zilizozaliwa mitaani: Malindi, Mlandege, Miembeni, Jang'ombe na nyingine zilizopanda na kushuka daraja mbele ya macho yetu.

Mimi ni mtoto wa Kikwajuni, pembeni ya uwanja wa Mao Zedong. Kabla sijajua kusoma nilikuwa najua nani anacheza saa kumi alasiri, kwa sababu kelele ziliingia mpaka jikoni kwetu. Nyumbani tulikuwa Malindi, ukoo mzima. Kisha mdogo wangu akaenda kuchezea kikosi, na nyumba ikagawanyika.

Kisa chake ndicho kisa cha ligi yenyewe. Alianza Juvenile, akaenda Junior, akaenda Central, maana Zanzibar watoto hupangwa kwenye ligi za umri tangu wadogo, na mtaa mzima huwafuata kama unavyofuata timu ya wakubwa. Alipofika klabu ya mtaa alikuwa beki wa kushoto mwenye mguu mwepesi. Mchana alibeba zege kwa fundi, jioni akavaa jezi. Malipo yake yalikuwa posho baada ya mechi, na kuna wiki posho haikuonekana. Siku moja watu wa kikosi wakamwona. Hawakumletea mkataba wa mamilioni. Walimwambia kuna nafasi ya ajira. Akaenda kozi, akanyolewa, akavalishwa sare. Mama yetu, ambaye miaka yote aliuona mpira kuwa ni uhuni wa kuchelewesha watu sala ya magharibi, siku hiyo alichinja kuku.

Kwa hiyo ligi yetu si ya kulipwa, na si ya ridhaa tupu. Mchezaji wa kikosi analipwa kila mwezi, ila analipwa kwa kuwa askari. Alfajiri yuko mazoezini, baadaye yuko kazini, na kamanda akitaka watu wa gwaride, mpira unasubiri. Akivunjika mguu, kazi bado anayo. Akifika miaka 35 na magoti yamekataa, anaendelea na zamu zake hadi astaafu na kiinua mgongo chake. Wangapi kati ya wachezaji waliowahi kung'ara Afrika Mashariki wamemaliza mpira wakiwa na uhakika huo? Nimewaona waliotamba kwenye klabu kubwa za Tanzania Bara wakirudi kukaa maskani bila kitu. Sitamruhusu mtu aniambie kwamba mfumo wa vikosi ni mbaya.

Lakini una gharama yake, na gharama hiyo inalipwa na mtaa. Tazama ubingwa. KMKM 2013 na 2014. Mafunzo 2015. Zimamoto 2016. JKU 2017 na 2018. KMKM tena 2019, kisha 2021, 2022 na 2023. JKU wakarudi 2024. Ndani ya miaka yote hiyo klabu moja tu ya mtaa ndiyo iliyopenya: Mlandege, mwaka 2020, na tena 2025. Klabu ya mtaa inamlea kijana tangu Juvenile, inampa viatu vya kwanza, na anapoiva anakwenda kwenye ajira. Nani atamlaumu? Na klabu inabaki na nini?

Klabu hizi zinaishi kwa michango ya wanachama, kwa mfanyabiashara wa Darajani anayenunua jezi mwaka huu na mwakani hana, kwa mzee anayetoa gari lake lipeleke vijana uwanjani. Wachezaji wao ni mafundi, wauza samaki, madereva, na vijana wa mahoteli ya Nungwi na Paje. Hawa wa mahoteli ndio wananiumiza zaidi, kwa sababu watalii wanapojaa hakuna ruhusa ya kutoka kazini, na mara nyingi ndipo ligi inapokuwa imepamba moto. Nimeshuhudia mechi ambayo kipa wa kwanza alikuwa anahudumia meza kaskazini ya kisiwa wakati wenzake wanafungwa mjini.

Mpira uliingia Unguja mwishoni mwa karne ya 19, kwa wanafunzi wa skuli ya misheni ya Kiungani na kwa Waingereza waliofanya kazi ya simu za waya, na haukukaa mikononi mwao muda mrefu. Vijana wa mitaa ya Ng'ambo waliuchukua. Mwaka 1949 Zanzibar iliingia kwenye Kombe la Gossage, mashindano yaliyoanzishwa 1926 kati ya Kenya na Uganda na kupewa jina la kiwanda cha sabuni cha Kiingereza. Tanganyika ilikuwa imetangulia kujiunga 1945. Kutokana na kombe hilo ndipo yakaja mashindano ya Chalenji ya CECAFA tunayoyajua. Baada ya Mapinduzi tukapata uwanja wa Amaan, uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1970. Pemba wana Gombani pale Chake Chake.

Wazee wa barazani wakianza kusimulia, husimulia Ligi ya Muungano. Kuanzia miaka ya 1980 mabingwa na washindi wa juu wa Bara na Visiwani walikutana kumtafuta bingwa wa Tanzania nzima, na bingwa huyo ndiye aliyekwenda Afrika. KMKM walilitwaa taji hilo 1984. Malindi walilitwaa 1989 na 1992, klabu ya mtaa, mbele ya Simba na Yanga. Katikati ya miaka ya 1990 Malindi hiyohiyo ilifika nusu fainali ya Kombe la CAF. Mwaka 1995 timu ya taifa, Zanzibar Heroes, ilikwenda Uganda ikabeba Chalenji kwa kumfunga mwenyeji bao 1-0. Nakumbuka redio ilivyokuwa imewekwa dirishani ili na wapita njia wasikie.

Siamini kwamba vijana wa wakati ule walikuwa na vipaji kuliko wa leo. Tofauti ni fedha. Wakati ule Simba na Yanga nao walicheza kwa posho na kazi za mashirika, kwa hiyo tulikutana nao tukiwa sawa. Baadaye Bara wakapata wadhamini wakubwa, televisheni ikanunua haki za mechi zao, wakaanza kusajili kutoka Afrika nzima. Sisi tulibaki na udhamini unaokuja na kuondoka: kulikuwa na Grand Malt, kukawa na PBZ, benki yetu wenyewe, na hongera kwao. Leo ukipita Darajani utakuta jezi za Simba, Yanga na za Uingereza zimetundikwa barabara nzima. Ya Malindi uitafute kwa kuuliza.

Pemba wana lao la kusema, na wana haki. Timu ya Chake au Wete ikija kucheza Unguja inapanda boti, inalala, inakula, inarudi. Ndiyo maana kuna misimu ligi ilichezwa kwa kanda mbili, Unguja peke yake na Pemba peke yake, kisha timu bora zikakutana katika Nane Bora. Ilipunguza nauli, lakini ilipunguza na ushindani. Timu ya Pemba ilikuwa haikutani na KMKM mpaka mwisho wa msimu, na hapo ilikuwa imechelewa kujifunza. Mimi nasimama na wanaotaka ligi moja ya visiwa viwili, na gharama za boti zitafutiwe fungu lake.

Kuna na jambo la uanachama, linalowachanganya wengi. Zanzibar si mwanachama wa FIFA. Huko tunaingia kupitia Tanzania. CAF tumekuwa wanachama washiriki, na kwa ajili hiyo bingwa wetu anacheza Ligi ya Mabingwa Afrika kwa jina la Zanzibar. Machi 2017, mjini Addis Ababa, CAF ilitupokea kuwa mwanachama kamili wa 55. Watu waliingia barabarani kwa furaha. Miezi minne baadaye, Julai, CAF ikautengua uamuzi ule kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Desemba ya mwaka huohuo Heroes, wengi wao vijana wa ligi ya nyumbani, walikwenda Chalenji Kenya wakaifunga Bara 2-1, wakaitoa Uganda kwenye nusu fainali, na wakatoka sare ya 2-2 na Kenya katika fainali ya Machakos kabla ya kushindwa kwa penalti. Lilikuwa jibu tosha.

Katika kikosi kile alikuwamo Feisal Salum, kiungo wa JKU. Mwaka uliofuata alikuwa Yanga, na baadaye Azam. Watu wa Bara walimshangilia kama aliyezuka tu. Sisi tulikuwa tunamjua.

Huko Afrika tunaumia. JKU walipopangwa na Pyramids ya Misri mwaka 2024 walifungwa jumla ya mabao 9-1. Kwenye mitandao waliwacheka. Wachekaji hawakusema kwamba Pyramids hao ndio waliokuja kuwa mabingwa wa Afrika msimu ule, na kwamba waliocheza nao ni watu wanaorudi lindoni wiki inayofuata.

Kombe la Mapinduzi, linalochezwa kila Januari, ndilo linalotuonesha kinachowezekana. Mwaka 2023 Mlandege waliifunga Singida Big Stars 2-1 kwenye fainali. Tarehe 13 Januari 2024, ndani ya Amaan iliyokuwa imetoka kukarabatiwa upya, wakaifunga Simba 1-0. Mara mbili mfululizo, klabu ya mtaa, na si kwa bahati: walikuwa na mtu wa kuwatunza wachezaji, wamesajili mapema, wamekaa kambini, wamelipwa. Timu ya mtaa ikipata robo ya kinachopatikana kwingine, inasimama.

Ninachokitaka si kuvinyang'anya vikosi timu zao. Kikosi kinachomchukua kijana kutoka klabu ya mtaa kiilipe klabu hiyo fidia ya malezi, kwa kanuni iliyoandikwa na kusimamiwa na Shirikisho la Mpira wa Miguu Zanzibar (ZFF), isiwe hisani ya mtu. Wenye mahoteli, wanaokula kwa jina la Zanzibar, waidhamini ligi ya Zanzibar na wawape wachezaji ruhusa siku ya mechi. Nasi wenyewe tuache kukaa vibandani kutazama Arsenal wakati Miembeni wanacheza dakika kumi kwa miguu kutoka tulipo. Kiingilio si kikubwa, na mlangoni hakuna msongamano. Ratiba ikitoka, chagua mechi moja, mchukue na mtoto, ulipe, uingie.